Mstari Mmoja

Kasereka huandika moja kama waliosoma kwa mapadri:
pua ndefu mbele, mguu umenyooka.
Na saba yake, siku ya haraka, haina mkanda kiunoni.
Mimi ndiye ninayenakili.
Yeye yuko chini ya bawa, tochi mdomoni,
mimi nimo ndani ya kontena la bluu lenye feni bovu,
kati ya mawe meusi ya volkano na uzio wa uwanja,
na biki mbili, moja imefungwa uzi isiibwe.

Jumatatu alinipa karatasi yenye dole gumba la grisi.
Pampu ya mafuta, injini ya kushoto, saa zilizobaki:
nikaandika sabini na moja.
Nikapiga muhuri. Muhuri wetu hauna shaka,
hugonga kweli na uongo kwa sauti ileile.

Alhamisi usiku, Katindo, umeme umekatika.
Asifiwe ananiletea kaye yake ya hesabu,
mwalimu ameizungushia tarakimu duara jekundu:
*Hii ni moja ama ni saba? Chagua!*
Mtoto amenuna. Mama, si anaona mwenyewe?
Nikasogeza mshumaa.
Nikaona pua. Nikaona kiuno kitupu.
Bugali ukanikwama kooni.

Kumi na moja.

Nikahesabu kwa punje za maharagwe,
kila punje nusu saa ya angani:
Walikale kwenda, Walikale kurudi, tena, tena,
Kindu siku ile ya mvua,
Walikale.
Punje ya ishirini na mbili ilikuwa ya jana.
Zilizobaki mkononi mwangu hazikuwa za mtu yeyote.
Na pampu haijui kusoma. Inaendelea kusukuma
kama karani wa serikali
ambaye barua yake ya kustaafu imepotelea Kinshasa.

Alfajiri nilipanda pikipiki, sikupatana bei.
Nikakuta kiwanja kitupu, na doa la mafuta
pale gurudumu lilipokuwa limelala.
Imebeba unga, betri za redio, kuku,
na mama mmoja anayekwenda kuona mjukuu.
Kasereka hakunigombeza. Alitazama mkono wake wa kulia
kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemuuma jirani.
Tukaita kwa redio: ibaki huko huko chini.
Redio ikajibu kwamba imekwisha kuinuka, inarudi.

Dakika thelathini na nane.
Sikuomba. Niliogopa nikifumba macho
nitakosea kuhesabu tena.

Ilitua. Ilitua vizuri, kwa kiburi,
kuku wakashuka wakilalamika kuhusu mengine.

Bwana Mushagalusa akaja na kichupa cha rangi nyeupe.
Imetua ama haikutua? akauliza.
Paka hapo, andika upya, twende kazini.
Nilikishika kile kichupa. Kilikuwa chepesi
kuliko nilivyodhani, na kifuniko kilikwisha kufunguka.

Lakini kosa katika kitabu cha ndege halifutwi.
Hupigwa mstari mmoja, mwembamba,
namba ya uongo ibaki inasomeka chini yake;
pembeni namba ya kweli, tarehe, jina.
Mstari wangu ulipinda kidogo penye saba.
Nikaandika Nsimire, nikaandika na la baba yangu,
wino wa biki ya uzi ukasita, ukarudi.
Bosi akaondoka bila kufunga mlango.
Pampu ilishushwa siku ileile. Kasereka aliifungua mezani:
nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo.
Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Jioni nilimfundisha Asifiwe kuifunga saba mkanda.
Akafunga saba ishirini, ulimi nje.
Kisha akauliza: na moja, yenyewe tuivalishe nini?
Sikumjibu upesi.
Juu ya mabati kulikuwa na ndege inapita
na nilikuwa nikisikiliza upande wa kushoto.